Waya wa Kijani

Kaka aliileta skrini Jumamosi jioni kutoka Gerezani, ndani ya kiroba cha mchele. Ilikuwa redio ya Kijapani yenye kioo cha inchi saba, ile inayojaza nafasi yote ya katikati ya dashibodi, na nyuma yake kilining'inia kitita cha nyaya zilizokatwa kwa kisu. Soketi haikuwepo. Muuzaji alimwapia kwamba imetoka kwenye nusu gari lililoshushwa na kontena, na kwamba fundi yeyote angeiunga kwa nusu saa. Fundi wa kwanza alitaja bei ambayo Kaka hakuwa nayo. Wa pili aliigeuzageuza, akasema redio bila soketi ni kubahatisha, na ukibahatisha unaunguza. Ndipo Kaka akanikumbuka mimi.

Nipo mwaka wa pili wa shahada ya umahiri katika falsafa, na watu wa nyumbani bado wanaulizana nitakuja kufanya kazi gani. Lakini wanakumbuka kwamba marehemu baba alikuwa fundi redio, na kwamba mimi ndiye niliyekuwa nikimshikia tochi akichomelea. Kaka amenizidi miaka kumi na miwili. Wakati huo alishaondoka nyumbani kwenda kupiga debe, na baadaye kuendesha. Kwa hiyo Jumapili asubuhi, badala ya kuandika sura ya tatu ya tasnifu, nilikuwa nimelala chali chini ya dashibodi ya Noah, hapa Tabata, watoto wa jirani wakichungulia kumwona dada anayetengeneza gari.

Lazima niseme Noah hiyo ni nini kwetu. Ni gari la mkataba. Kila Jumatatu Kaka anapeleka hesabu kwa mwenye gari, na akifikisha miaka miwili bila kukosa, kadi inahamia kwake. Akiyumba, gari linarudi kwa mwenyewe na alicholipa kinabaki hukohuko. Alfajiri anabeba wanafunzi, mchana anasubiri watu wa kukodi, mwisho wa wiki anapeleka familia kwenye harusi na misiba. Ada yangu ya muhula uliopita ilitoka humo. Na siku hizi mtu akitaka kukodi Noah kwa safari ndefu, huuliza kwanza, "Ina video?" Kaka alikuwa amepoteza safari mbili za Bagamoyo kwa sababu ya swali hilo.

Baba alikuwa na kanuni moja ya kazi: usiunge waya usioujua. Basi nikaanza kuzijua.

Upande wa gari haukunisumbua. Plagi kubwa ya Toyota ina matundu kumi, na rangi zake zimezoeleka. Waya wa bluu wenye mstari wa njano ni moto wa kudumu kutoka kwenye betri. Wa kijivu ni moto unaokuja ukizungusha ufunguo. Wa kahawia ni ethi. Wa kijani ni wa taa, unaopata moto ukiwasha taa ndogo za gari. Hata hivyo nilizipima zote, mmoja baada ya mwingine, kwa balbu ya volti 12, kama Baba alivyonizoesha. Mita inaweza kukusomea volti 12 kwenye waya ulioliwa na kutu, ambao ukiupa kazi unashindwa. Balbu ikiwaka, ujue umeme wa kufanya kazi upo.

Upande wa skrini ndio uliokuwa fumbo. Mgongoni palikuwa na karatasi ya maelezo, Kijapani kitupu, nusu imekwanguka. Niliipiga picha, simu ikanitafsiria vipande, na mengine nikayapata kwa kupima. Waya mweusi uliiliza mita nilipougusisha na bodi la chuma la redio yenyewe: ethi. Wa njano ulikuwa mnene, una kishikio cha fyuzi: moto wa kudumu, unaotunza saa na stesheni hata gari likizimwa. Mwekundu, moto wa ufunguo. Wa rangi ya chungwa, taa. Nyaya nane zilikwenda kwa jozi, mweupe, wa kijivu, wa kijani na wa zambarau, kila mmoja na pacha wake mwenye mstari mweusi. Hizo ni za spika nne. Spika za gari nilizitambua kwa kugusisha nyaya zake na betri ya tochi kwa nukta moja, huku nikisikiliza ni mlango upi umetoa mlio.

Ukifanya kazi hii unagundua kwamba rangi haizaliwi na maana. Kijani cha Toyota ni taa. Kijani cha skrini ni spika ya nyuma kushoto. Maana iko kwa yule aliyeuweka waya pale, na kazi ya fundi ni kukisia alikusudia nini mtu ambaye hatamwona kamwe. Na nilipomaliza spika, bado kulikuwa na kijani kingine, hafifu, kama jani changa la mgomba, kimebaki peke yake. Nikakiacha kando.

Saa nane mchana redio iliamka. Tatizo la kwanza lilikuwa stesheni. Redio za Kijapani za miaka ile zinaishia kwenye 90 MHz, na stesheni nyingi za Dar es Salaam ziko juu ya hapo. Dawa yake kila fundi anaijua: ekspanda, kikopo kidogo kinachokaa kati ya antena na redio na kushusha masafa, hivi kwamba stesheni ya 98 inaifikia redio kana kwamba ni ya 78. Kaka alikuwa nayo tayari, kutoka kwenye redio ya zamani. Tukaifunga, muziki ukaja.

Kisha akaweka DVD ya taarabu. Sauti ilikuja, picha haikuja. Kioo kilikuwa cheusi na mstari wa maandishi ya Kijapani katikati. Nikaelekeza simu: kwa usalama, picha itaonekana gari likiwa limesimama.

Hiyo ndiyo kazi ya waya wa kijani hafifu. Unakwenda kwenye swichi ndogo iliyo chini ya handbreki, ileile inayowasha taa nyekundu ya breki kwenye dashibodi. Ukivuta handbreki, swichi inagusa ethi, na skrini inajua kwamba gari limefungwa, dereva hana pa kwenda, anaweza kutazama. Ukiishusha, ethi inaondoka na picha inakatika. Kuuvuta waya huo chini ya zulia hadi kwenye swichi ni kazi ya nusu saa. Lakini kuna njia ya dakika moja: unauzungusha pamoja na waya mweusi wa ethi, unafunga tepu, na kuanzia hapo skrini itaamini kwamba gari limesimama, hata likiwa Mlandizi kwenye mwendo wa 80.

"Piga ethi, mdogo wangu," Kaka alisema. "Wote wanapiga ethi."

Nikapiga ethi. Picha ikatokea, mwimbaji amevaa dera la dhahabu, watoto wa jirani wakashangilia. Kaka alinishika bega akasema Baba angefurahi.

Baba alinifundisha nisiunge waya nisioujua. Hakuwahi kuniambia nifanyeje na waya ninaoujua vizuri.

Usiku ule nilijitetea kwa lugha ya darasani. Uongo unahitaji mtu wa kudanganywa, na skrini si mtu. Haina imani yoyote. Ina saketi tu, inayosoma kama kuna ethi au hakuna. Mwaka 1797 Immanuel Kant aliandika insha fupi akishikilia kwamba si halali kusema uongo hata kwa muuaji anayekuuliza rafiki yako amejificha wapi. Hata huyo, mkali kuliko wote, alikuwa anazungumzia maneno kati ya binadamu. Nyaya hazikumhusu.

Na ushahidi mwingine ulikuwa uleule wa mchana. Ekspanda nayo inaidanganya redio, tena saa zote. Inaiambia 98 ni 78, na redio inakubali. Nani ameumia? Nusu ya maisha ya Dar es Salaam yanakwenda kwa kuvirai vitu vilivyotengenezwa kwa ajili ya nchi nyingine vikubali kuishi na sisi. Kama kudanganya kifaa ni dhambi, basi hakuna gari la mtumba mjini lenye toba.

Nilipata faraja hata kwa Bruno Latour. Katika insha yake ya mwaka 1992, kuhusu jinsi vitu vya kawaida vinavyobeba maadili yetu, anaanza na gari lililomkera kwa taa na kengele kwa kuwa hakufunga mkanda, na anasema alimwagiza fundi wake atenganishe swichi na kihisi. Msomi mkubwa wa Ufaransa naye alikwenda kwa fundi kuomba waya uchokonolewe. Nikawakumbuka pia Wamarekani. Magari yao mapya ya modeli ya 1974 yalitakiwa yasiwake mpaka mikanda ya mbele ifungwe, na watu walichukia kiasi kwamba Oktoba mwaka huohuo Bunge lao likalifuta sharti hilo. Kumbe kukerwa na kifaa kinachokulea kama mtoto si ukaidi wa madereva wa Tabata. Nikalala.

Wiki ya tatu, siku ya Jumatano usiku, Kaka alinipitia Kariakoo akiwa amebeba akina mama tisa waliotoka kwenye shughuli. Nikakaa mbele. Skrini ilikuwa inacheza ileile taarabu, na akina mama walikuwa wanaimba, wengine wamesimama nusu kwenye viti, wananyanyua vitambaa. Walikuwa na furaha ambayo sitaki kuisema vibaya. Ilikuwa imelipiwa, na ilikuwa kazi ya mikono yangu.

Barabara ya Mandela, kabla ya kukata kwenda Tabata, mkokoteni ulikuwa umetutangulia upande wa kushoto. Watu wawili, mmoja anavuta, mmoja anasukuma, magunia yamejaa, hakuna taa wala kioo cha kung'aa. Kaka alifunga breki. Matairi yalilia, vitambaa vikaanguka, na Noah ikasimama karibu kabisa na mgongo wa yule wa nyuma. Aligeuka, akapiga boneti kwa kiganja, mara moja tu, akatutazama kupitia kioo, kisha akarudi kusukuma.

"Hawa watu hawana taa," Kaka alisema. Ni kweli, hawakuwa nazo. Akapunguza sauti. Picha iliendelea.

Sijui kama Kaka alikuwa anatazama skrini. Sikuwahi kumuuliza, kwa sababu jibu lolote lingekuwa neno lake dhidi ya giza. Ninachojua ni kwamba mimi nilikuwa natazama. Nilikaa kiti cha mbele, sikuwa na kazi nyingine ila kuangalia barabara, na sikuuona mkokoteni mpaka breki ziliponitupa mbele. Kioo chenye mwanga gizani hakikuombi ruhusa. Jicho linakwenda lenyewe. Nyumbani nilipiga hesabu. Gari lenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa, ambao ndio unaoruhusiwa kwenye makazi, linakwenda karibu mita 14 kwa sekunde. Ukitupa jicho kwenye skrini kwa sekunde mbili, umeendesha mita 28 bila dereva.

Lakini hesabu si iliyonikosesha usingizi. Ni kile kiganja kwenye boneti. Nilikuwa nimetafuta aliyedanganywa ndani ya skrini, sikumkuta, nikahitimisha kwamba hakuna. Sikumtafuta nje ya gari.

Mhandisi wa Japani aliyeuweka ule waya hakuijali skrini wala hakuwa na haja nayo. Alikuwa anauliza swali, "Gari limesimama?", na hakuuliza kwa niaba yake mwenyewe. Aliuliza kwa niaba ya mtu yeyote ambaye siku moja angekuwa mbele ya gari hilo na asingeweza kuuliza: mtoto anayevuka, bibi mwenye ndoo, mtu wa mkokoteni. Waya ulikuwa swali lao, limetumwa mapema, likasafiri kwenye kontena hadi kwetu. Nilipoufunga kwenye ethi, nililijibu: ndiyo, limesimama, usiwe na wasiwasi. Aliyedanganywa ni yule mtu wa nyuma ya magunia.

Hapo ndipo ekspanda na waya wa kijani zinapoachana, ingawa kwa mkono wa fundi ni kazi moja. Redio ikidhani 98 ni 78, hakuna mtu aliyekuwa anaitegemea idhani vingine. Na hapo ndipo hata mkanda wa Latour unapoachana nasi. Mkanda kwanza unamlinda anayeufunga, na mtu anaweza kubishana kwamba shingo ni yake. Kaka ana haki ya kuhatarisha mengi ya kwake. Wale akina mama tisa, wakiulizwa, huenda wangesema washa tu, tumelipia. Lakini hata tungepiga kura garini na wote kumi na mmoja tukakubali, mwenye swali hakuwa kwenye kikao. Ulinzi ule ulikuwa wake, na sisi hatukuwa na haki ya kuusamehe kwa niaba yake.

Tunalielewa hili vizuri tukiwa tunatembea kwa miguu. Latour anaandika pia juu ya matuta ya barabarani, yanayomfanya dereva apunguze mwendo kwa kuogopa kuvunja gari lake, hata kama hajali maisha ya mtu. Madereva wote huyalaani matuta. Lakini sijawahi kumsikia mama anayeishi jirani na shule akiomba tuta la mbele yake ling'olewe. Kaka mwenyewe, kabla hajawa na gari, alikuwa miongoni mwa vijana waliochimbia mawe kwenye njia yetu ya vumbi baada ya mtoto kugongwa, kwa sababu tuta rasmi lilichelewa.

Nilimwambia hayo Jumapili iliyofuata, tukiwa tumekaa kwenye ngazi ya Noah. Sikumtaja Kant. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akanijibu, na majibu yake hayakuwa mepesi.

Alisema simu ya ramani iliyobandikwa kwenye kioo cha kila teksi nayo ni skrini, na hakuna anayeikatia waya. Alisema mjini kuna mabango makubwa yenye picha zinazocheza, yameelekezwa kwa madereva makusudi, na yamelipiwa kibali. "Mwenye bango anaruhusiwa kunitoa macho barabarani, mimi naambiwa nizime taarabu ya wateja wangu." Kisha akasema jambo ambalo sikuwa na jibu lake. "Wewe mawazo yako yamelipiwa na hii video."

Nilimwambia ni kweli. Ubaya wa mwenye bango haunipi mimi ruhusa, lakini sikulisema hilo, maana si ndilo alilokuwa analisema. Alikuwa ananiambia kwamba uaminifu una bei, na kwamba mimi niliyeugundua usiku sitakuwa mlipaji wa Jumatatu. Alikuwa sahihi. Katika semina zetu tunajadili wajibu kama vile wajibu hauna hesabu ya wiki. Waya niliuharibu mimi, kwa hiyo nikaona gharama ya kuurudisha isianguke kwake peke yake.

Skrini ile ina tundu la kutolea picha nyuma, na hilo halikatiki handbreki ikishushwa. Ukipata skrini ndogo ya kufunga darini, nyuma ya dereva, abiria wanatazama na yeye haioni. Njia ya halali ilikuwepo tangu siku ya kwanza. Ilikuwa ghali tu kuliko tepu. Nilikuwa na pesa niliyoiweka kwa ajili ya kuchapa na kujalidi tasnifu. Nilimpa Kaka. Inatosha nusu ya bei ya skrini ya mtumba. Nusu nyingine anaitafuta.

Siku hiyohiyo nililala tena chali chini ya dashibodi. Nilikata tepu, nikautenganisha waya wa kijani na ethi, nikaupitisha chini ya zulia hadi kwenye swichi ya handbreki, na safari hii nikaunga kwa risasi. Kaka alikaa kwenye usukani akivuta na kushusha handbreki kila nilipomwambia. Picha, giza. Picha, giza. Hakusema kitu.

Ni wiki ya tano sasa. Skrini ya nyuma haijapatikana. Safari moja ya Bagamoyo imekwenda kwa mtu mwingine, na Kaka aliniarifu kwa ujumbe wa maneno matatu. Sijui kama anakubaliana nami au ananivumilia kwa kuwa mimi ni mdogo wake. Juzi alinipitia tena usiku, gari limejaa, kioo kimezima, muziki unapiga. Abiria mmoja alitokeza kichwa katikati ya viti akauliza kama video imekufa.

"Nzima," Kaka alimjibu, macho mbele. "Tukisimama utaiona."